Pakiti ya Kijani Haikuoza

Mama yangu amefua nguo za watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuja Dar na baba kutoka Newala. Baba akachonga vinyago, mama akafua, na kidogo kidogo wakajenga vyumba vitatu Kiwalani, kwenye kiwanja kinachopakana na mtaro. Baba alipofariki, mikono ya mama ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo cha biashara. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kiwanda cha sabuni, kitengo cha masoko, mtaa mzima uliona imekaa sawa: mtoto wa mfuaji kaenda kuuza sabuni.

Mwaka wangu wa tatu pale, kiwanda kilitoa sabuni mpya ya maji. Ilikuja kwenye pakiti ndogo za kijani, za kutumia mara moja, zenye picha ya jani na tone la umande. Chini ya jani iliandikwa: RAFIKI WA MAZINGIRA. PAKITI INAOZA YENYEWE. Maneno hayo sikuyatunga mimi, lakini nilikuwemo chumbani yalipopitishwa, na nilipiga makofi.

Niseme ukweli wangu kabla sijasema wa wengine. Niliamini. Siku zile kila kitu changu kilikuwa cha kijani: mswaki wa mwanzi, mrija wa chuma, chupa ya maji yenye kifuniko cha mbao. Mifuko ya kitambaa niliyopewa kwenye semina na maonyesho ilijazana nyuma ya mlango, kila mmoja na maneno yake ya kuiokoa dunia. Siku moja mama aliikuta akitafuta kandambili.

"Hii yote ya nini?"

"Ya kwendea sokoni, mama. Ili tusitumie mifuko mingi."

"Unayo mingapi?"

Nikahesabu. Ilikuwa kumi na minne.

"Aa," alisema, akachukua kikapu chake cha ukindu, kile kile alichokuwa nacho nikiwa darasa la pili, akaondoka zake.

Na kuna jambo lingine nisilojivunia. Nilikuwa naona aibu tunavyoishi. Mama husugua masufuria kwa makumbi ya nazi na majivu. Maji yake ya suuza hayamwagwi ovyo. Yanafua matambara, kisha yanadeki, kisha yanakwenda chooni. Ndoo zake ni zile za mafundi rangi, amezikwangua mpaka zikatakata. Wageni wa ofisini wakinitembelea, nilikuwa nakimbilia kuficha makumbi nyuma ya choo. Kisha nawakaribisha kwa juisi yenye mrija wa chuma, nao wananisifu.

Wazo la kumrekodi mama kwa ajili ya tangazo lilitoka kwangu. Kikaoni walitaka mfuaji wa kweli, nikanyoosha mkono. Wakaja asubuhi, watu watano na kamera, wakiongozwa na mwongozaji mmoja mpole, mwenye kofia, aliyemwamkia mama shikamoo kwa kuinama. Mama akafurahi. Akawapa viti.

Wakaanza kupanga uwanja. Ndoo za rangi zikaondolewa, yakaja mabeseni mapya ya kijani, bado na karatasi za dukani. Makumbi yakatupwa nje ya uzio. Kamba ya nguo ikafungwa upya ili jua liingie vizuri. Mama alitazama tu, mikono kiunoni. Ilipofika zamu yake, mwongozaji akamsomea sentensi ya kusema: "Tangu nipate sabuni hii, nami nimeanza kutunza mazingira."

Mama akamwangalia. "Nimeanza?"

"Ndiyo, mama. Unasema huku unatabasamu."

"Na kabla ya hapo nilikuwa natunza nini?"

Watu wakacheka. Mwongozaji naye akacheka. "Ni maneno tu, mama yangu. Ya kwenye tangazo."

"Kama ni maneno tu, sema wewe."

Nikamvuta pembeni. Nilimwomba, nikamwambia kazi yangu ipo hapo, nikamwambia dakika moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua pakiti moja ya sabuni kwenye boksi, akaigeuza, akaniuliza: "Hapa pameandikwa inaoza. Inaoza kweli?"

"Inaoza, mama."

"Umeona?"

"Imepimwa."

"Sijakuuliza kama imepimwa."

Akaikata pakiti kwa meno, akamimina sabuni kwenye beseni jipya, akaenda kwenye tuta lake la mchicha. Akachimba kwa kijiko kikuukuu cha baba, akaweka ile pakiti, juu yake akaweka ganda la ndizi na gazeti lililofungiwa maandazi ya asubuhi ile, akafukia. Akachomeka kijiti. "Ikioza," alimwambia mwongozaji, "mje na kamera yenu, nitasema mnachotaka. Nitaimba hata."

Hawakungoja. Tangazo lilirekodiwa wiki iliyofuata kwenye bustani ya nyumba mpya huko Tegeta. Aliyelicheza ni mwigizaji aliyevalishwa khanga, na alitabasamu vizuri sana. Mimi nilinuniwa ofisini, nami nikamnunia mama. Karibu mwezi mzima nilimsemesha kwa salamu tu.

Sabuni ikauzika. Pakiti za kijani zikatundikwa kwenye kila genge na kila duka, Kiwalani mpaka Mbagala. Katikati ya mbio hizo niliteremka siku moja kwenye karakana kuchukua sampuli, nikamkuta fundi wa mtambo, baba mtu mzima anayekaribia kustaafu, anamimina rangi ya kijani kwenye tangi. Nikamuuliza kwa utani siri ya sabuni mpya ni nini.

"Siri ndiyo hii," alisema, akanyanyua kopo la rangi. "Sabuni ni ile ile, binti yangu. Ilikuwaga ya bluu."

Nilirudi juu na sampuli zangu. Sikumwambia mtu. Nililiacha neno lile likae ndani yangu kama mwiba wa samaki, nikaendelea kupeleka mabango.

Kisha masika yakaja. Mvua ilinyesha siku mbili, na mtaro wetu ukaziba pale kwenye kalavati, chini ya barabara. Maji yakaingia ndani ya nyumba, yakafika magotini. Godoro la mama likalowa, na nguo za watu zilizokuwa zimekunjwa tayari zikaelea sebuleni. Mvua ilipopungua tulitoka na majirani, wenye jembe na jembe, wenye reki na reki, tukaanza kuzibua. Na kilichotoka pale kalavatini nilikijua kabla hakijaoshwa tope: matone ya umande, majani, matone ya umande, majani. Tulizitoa pakiti zile kwa mafungu. Jirani yetu mmoja, mama muuza mihogo, alininyooshea lundo zima kwenye reki.

Jua lilipotoka, mama akaenda kwenye tuta. Kijiti kilikuwa kimelala lakini kipo. Akachimba. Ganda la ndizi halikuwepo. Gazeti halikuwepo. Pakiti ilikuwepo, nzima, ikiwa na alama za meno yake. Akaisuuza kwenye ndoo, akaiweka mezani mbele yangu, akaenda kuanika godoro.

Nilidhani atanisema. Nilitamani aniseme. Jioni nikamwambia, "Mama, wewe ndiye rafiki wa mazingira, sie ndio waongo." Hakupokea.

"Usinipambe na mimi," alisema. "Mie sikutunza mazingira. Mie sikuwa na cha kutupa. Ningekuwa nacho ningetupa, pengine kuliko hao. Ila sikumdanganya mtu."

Neno hilo limenikaa mpaka leo, maana lilininyima hata ile njia nyepesi ya kumfanya mama yangu kuwa mtakatifu wa makumbi. Kubana maji hakukuwa pambo lake, ulikuwa uhaba. Na watu waliouchukua uhaba ule, wakaupaka kijani, wakamuuzia yeye mwenyewe kama jambo jipya, hao ndio niliowakasirikia. Nami nilikuwa mmoja wao, nina kitambulisho chenye picha.

Wiki mbili baadaye ililetwa ofisini barua ya mwalimu wa shule moja ya msingi Temeke. Wanafunzi wake walikuwa wameokota pakiti zetu kuzunguka shule na wakataka kujua zinachukua muda gani kuoza, wapange siku ya kwenda kuzitazama zikioza. Barua nzuri, mwandiko wa ubaoni. Bosi wangu akanipa nijibu. Jibu lenyewe lilishaandikwa. Nilitakiwa kuweka sahihi tu. Lilisema pakiti huoza zenyewe katika mazingira yanayofaa.

"Mazingira yanayofaa ni yapi?" nilimuuliza.

"Kuna mitambo maalumu. Joto maalumu. Ni mambo ya kitaalamu, sista."

"Hapa nchini tunayo?"

"Siyo suala letu hilo."

"Kiwalani ni mazingira, au siyo mazingira?"

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Mama alipougua ndiye aliyenipa gari la ofisi. "Sikia," alisema, "hakuna mtu anayenunua pakiti. Watu wananunua kujisikia vizuri. Tukiwanyima hilo, watanunua kwa mwingine."

Nilirudi mezani kwangu. Nikaliweka pembeni lile jibu lao, nikaandika langu kwa mkono: *Mwalimu, tulifukia pakiti moja nyumbani kwetu Kiwalani kabla ya mvua za vuli. Tumeichimbua wakati wa masika. Haijaoza. Ganda la ndizi limeoza. Wanafunzi wako wasisubiri.* Nikaweka sahihi, jina langu lote na cheo changu, nikagonga muhuri wa ofisi, nikaenda posta mwenyewe kwa miguu. Niliporudi kuketi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua, niliweza kula.

Mwalimu aliibandika barua ile kwenye ubao wa matangazo wa shule. Mzazi mmoja akaipiga picha, ikazunguka kwenye simu za watu. Ikanifikia mimi mwenyewe kutoka kwa shangazi yangu wa Mtwara, ambaye hakuwa ametazama sahihi, ameandika: "Hawa watu mnawaona?" Ofisini niliitwa, nikakalishwa mbele ya watu wanne, nikatakiwa niandike kwamba nilikosea. Nikawaambia waje Kiwalani tukachimbe pamoja, na tuta nitawaonyesha. Hakuna aliyekubali. Nikatoka na boksi la vitu vyangu, na mswaki wa mwanzi nikauacha kwenye droo.

Sasa tunauza sabuni ya maji, mimi na mama, kibarazani. Tunaikoroga kwenye pipa, tunapima kwa kopo, na mteja anakuja na chupa yake. Haina pakiti wala jina. Miezi ya mwanzo watu walitukwepa: sabuni isiyo na nembo itakuwa na nini ndani? Nikawa nawaambia kilichomo, kimoja kimoja, pamoja na kile nisichokipenda. Akaja kaka mmoja mwenye duka la stika, akataka kutuchapia stika zenye jani. "Sista, ukiandika *ya asili* utauza mpaka Masaki kwa wenye hela." Nikamwambia siyo ya asili, ni dawa za dukani tumechanganya, zinakata mafuta na zikikuingia machoni zinawasha. Akaniona mwehu. Na anione hivyo hivyo.

Mtaro haujapona. Wiki hii tumeokota pakiti tena, za kijani na za rangi nyingine, na wateja wetu wengine huzinunua tunapoishiwa. Sijaishinda kampuni yoyote. Lakini mwezi uliopita kiwanda kile kilileta mapipa ya taka mtaani kwetu, mapya, yamechorwa jani, na ukaitwa mkutano wa kupokea. Mwenyekiti wa mtaa alinifuata asubuhi, akaniomba nitoe shukrani kwa niaba ya akina mama, kwa kuwa mimi ni msemaji mzuri na yaliyopita si ndwele. Nikakubali.

Nilisimama. Wale wa kiwandani walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na bosi wangu wa zamani akiwemo. Nikawasalimu, nikawashukuru kwa safari. Kisha nikauliza: "Mapipa haya yakijaa, nani anakuja kuyamwaga, siku gani, na anapeleka wapi?"

Mmoja wa wale wageni akasema hilo litajadiliwa baadaye. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Haya, asante sana, dada yetu, tumekusikia, keti sasa tuendelee na ratiba."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, na mimi namsikiliza mgeni. Hajajibu." Nyuma yangu mama muuza mihogo akasema kwa sauti, "Ajibu!" na mwingine naye, na mwingine. Mpiga picha wao akashusha kamera yake. Nilibaki nimesimama.