Uzi wa Buluu

Mji ulipoanza kukua, Shangazi alikuwa palepale alipo leo: kwenye kigoda, mlangoni mwa ghala la viazi la sokoni, sindano ndefu mkononi. Alishona magunia ya nyumba yao tangu ujana. Alizeeka na kile kigoda huku maghorofa yakiota pande zote kama uyoga.

"Siku hizi hata mbwa wanauliza njia," wapakiaji walitania.

Watu walikuwa na sababu ya kuja. Udongo wa pale ni mweusi na una mafuta. Hata kijiti cha uzio ukikichomeka kinachipua. Ukungu ukishaondoka asubuhi, mashamba ya kabichi na karoti yanaonekana yakipanda mlima mpaka macho yachoke. Wageni wa nchi za joto walishuka stendi wakitetemeka, wakanunua masweta hapohapo, na kabla ya jioni walikuwa wameshaulizia viwanja.

Shangazi aliyatazama hayo yote bila kuguswa. Tangu walipomzika kaka yake, mwenye shamba, alikuwa kama shavu lililodungwa sindano ya ganzi. Hakulia msibani. Wifi zake walinong'ona, naye aliwasikia, akaendelea kuchambua mchele. Alikula alipoambiwa ale. Kazi tu ndiyo iliyojiendesha, kwa kuwa mikono haikuhitaji kuambiwa.

Sokoni wakulima wengi hulivisha gunia kilemba: viazi vinono juu, takataka chini. Kwa hiyo wanunuzi hufungua kila gunia na kuzamisha mkono mpaka kwapani. Magunia ya nyumba yao peke yake hayakufunguliwa. Kaka yake alikuwa amechagua uzi wa buluu, wengine wote wakitumia mweupe, na palipokuwa na buluu mnunuzi alisema tu, "Pakia." Uzi huo ulikaa mfukoni mwa Shangazi na hakumwazima mtu.

Siku moja ya soko mtoto wa kaka yake, ambaye sasa ndiye aliyesimamia shamba, alileta magunia yakiwa yameshajazwa. Shangazi akashona la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa kwenye la nne alipoona maji meusi juu ya vidole vyake vya mguu. Aliyaona, hakuwa ameyahisi. Kisha harufu ikampata. Wiki iliyopita umande uliganda bondeni ukaunguza majani yote, na kiazi kilichopigwa na baridi ile huoza kikageuka maji.

"Mwanangu, hivi ni vya shamba la juu?"

"Vya juu, Shangazi. Shona, lori linangoja."

"Vya juu havivuji."

Kijana akachutama karibu naye, akashusha sauti. "Vya bondeni ni kidogo tu, nimeviweka katikati. Nyumba ya wageni tunayojenga inataka bati kabla ya mvua, Shangazi. Baba mwenyewe aliitamani."

"Baba yako alitamani mengi. Hakuyashonea uzi huu."

"Uzi ni uzi tu."

Shangazi akalitazama gunia la nne. Angeyaacha magunia yaende, jina la kaka yake lingeozea kwenye ghala la watu, mji wa mbali, yeye akiwa hayupo kulitetea. Angeyafumua hapa, angelivua nguo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya soko zima. Alingoja moyo umwambie kitu. Haukumwambia. Akachukua kisu akakata uzi.

Viazi vizuri vikamwagika kwanza, halafu vile vingine, vyeusi, vikiteleza kama samaki. Mnunuzi wao wa miaka mingi, waliyemwita Miwani kwa kuwa miwani yake ilikaa kwenye paji la uso daima, akaishusha machoni.

"Shangazi! Leo unafumua?"

"Nafumua. Hivi ni vibovu."

"Vya nani?"

Kijana alikuwa akitazama viatu vyake.

"Vya kwetu," alisema Shangazi. "Na haviendi."

"Miaka yote hii nimepakia nimefumba macho!"

"Basi leo umefumbua. Nisogezee hilo lingine."

Alifumua yote. Mpakiaji mmoja akasema labda waanze kuuza supu, wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Kijana akachukua beleshi akaanza kuzoa uozo bila kuambiwa. Aliuzoa mpaka mwisho, shingo imemwiva kwa aibu.

Siku ya soko iliyofuata walileta viazi vya juu peke yake. Kijana alivichagua mwenyewe, kimoja kimoja. Shangazi alipotoa sindano, Miwani akamzuia.

"Samahani, Shangazi. Nitafungua."

"Fungua, baba."

Akafungua la kwanza, akazamisha mkono. La pili. La tatu. Wapakiaji walidhani ataona haya aache, lakini hakuacha. Alipekua mpaka gunia la mwisho, mkono umejaa udongo mweusi mpaka kwapani. Jua lilikuwa limeshaupanda mlima na wauza masweta wameshakunja meza zao. Shangazi alikaa kwenye kigoda akimngoja, sindano imeshatungwa uzi wa buluu. Hakuona uchungu wala fahari.

Miwani hakukuta kibovu hata kimoja.

"Shona," alisema.

Akashona.