Makopo Thelathini ya Siagi Chungu

Nusura alipopiga simu, Dolphine Aluoch alikuwa akibandika lebo kwenye makopo, mlango wa chumba chake cha kazi pale Kawempe, Kampala, ukiwa wazi ili joto la mashine litoke.

"Nyabo, dada yangu, siagi yako ya karanga iko uchungu," Nusura alisema. Alikuwa na duka Kansanga, mtu wa kwanza kabisa kuipa bidhaa ya Dolphine nafasi kwenye rafu. "Wateja mbili wamerudisha. Nakuambia tu ujue."

Dolphine akacheka kidogo, akasema huenda wamezoea ile ya viwandani yenye sukari. Simu ilipokatika, kicheko kikamkauka. Akafungua kopo, akachota kwa kidole, akalamba. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha uchungu ukatambaa nyuma ya ulimi, ukakaa hapohapo.

Miaka minane nyuma alivuka mpaka pale Busia kutoka Kenya, akaajiriwa kuwa keshia wa supamaketi. Supamaketi ilipofungwa alibaki na ujuzi mmoja: kutambua watu wanachukua nini na wanarudisha nini. Huo ndio uliomfikisha kwenye karanga. Kuuza alikuwa hodari. Mwenye duka angekataa mara mbili, ya tatu akubali. Ulimi huohuo ndio uliompatia shule ya chekechea huko Mbuya, makopo thelathini kwa siku nne. Ili asivunje ahadi, alinunua magunia mawili kwa mtu asiyemjua. Yalikuwa na unyevu. Aliuona. Hakuzichambua karanga zile. Alizikaanga kwa moto mkali, akajiambia moto huua kila kitu. Juzi makopo yalikwenda Mbuya, na yaliyozidi kwa Nusura.

Sasa alikumbuka alichofundishwa kwenye semina ya wasindikaji: ukungu wa karanga huacha sumu ambayo kukaanga hakuimalizi.

Watoto hupewa mkate saa nne. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Akapiga simu shuleni, haikupokelewa. Akapiga tena. Akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa akitafuta la kusema. Aseme lebo zimekosewa? Aseme anawabadilishia makopo kama zawadi? Kila uongo ulimjia kirahisi, tena kwa sauti yake ile ya kuuzia, na hilo likamtisha kuliko magari yaliyowapita ubavuni.

Jikoni alimkuta mpishi, Concy, ameshapaka sinia mbili za mkate.

"Usiwape, dada. Tafadhali."

"Kwa nini? Si wewe umeleta?"

"Ni mimi. Karanga zilikuwa mbovu na nilijua."

Concy akaweka kisu chini taratibu. "Jana darasa moja walikula," alisema.

Dolphine akaenda kumwambia mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakumpigia kelele. Aliandika majina ya watoto kumi na wanane, akawapigia wazazi mmoja baada ya mwingine, na Dolphine akakaa kwenye benchi akisikia jina lake likitajwa kila simu. Ile oda ilifia hapo. Wiki mbili nzima alimpigia Concy kila asubuhi kuuliza kama wote wamekuja. Siku moja mtoto mmoja hakuja, na Dolphine hakuweza kumeza hata chai mpaka aliposikia kwamba alikuwa amekwenda harusini na mama yake. Hakuna aliyeugua.

Mwezi uliofuata Nusura alikubali makopo sita. "Lakini wewe kula kwanza," alisema, akimpa kijiko mbele ya wateja. Dolphine akala, uso ukimwaka moto.

Siku hizi hurudisha magunia mengi kuliko anayopokea, na maduka mawili yamechoka kumsubiri. Juzi hoteli moja ilitaka makopo mia kufikia Ijumaa. Aliwajibu kwamba anahitaji wiki tatu. Hawajasema lolote, na kila dakika chache anaigeuza simu kutazama kioo chake.