Debe la Kumi

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Unaona, nimeshasimama. Wewe kaa, unywe chai yako, niache mimi nitembeetembee humu ndani huku nakusimulia.

Jana uliingia hapa umefura. Benki imeongeza makato kwenye kadi yako ya mkopo, na ile hela kidogo waliyokuwa wanakurudishia kila ukinunua kitu wameifuta bila hata kubisha hodi. Nilikuelewa. Hasira hiyo naijua, iliwahi kuninyima usingizi mimi mwenyewe. Kilichonishtua ni ulivyomalizia: eti mambo yameharibika tangu benki ianze kupokea kila mtu, hao wa vijijini wanaojaza foleni na hela zao za dagaa. Ulisema "hao" mara nyingi sana. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nachambua mchele, kwa sababu sauti niliyoisikia ilikuwa yangu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Wakongo walikuwa wanavuka ziwa, Warundi wanapita mpakani kwa miguu, na mji wetu ulikuwa umejaa hadi barazani kwa watu. Mimi nilikuwa mama lishe pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya samaki inapotia nanga. Napika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, wavuvi wanakula, na unga nausaga kwenye mashine moja ya dizeli huku Gungu. Mwenye mashine tulimwita Tajiri, naye hakuwa akionekana pale. Anayeiendesha alikuwa Mzee Haruna, Muha wa Kalinzi, nyusi zake nyeupe kwa unga kuanzia asubuhi mpaka anapofunga.

Mashine ile ilikuwa na kadi. Usicheke. Kadi ya karatasi ngumu, ya kijani, yenye jina lako. Ukiwa nayo unasaga leo, unalipa mwisho wa mwezi. Kila debe unagongewa muhuri, na ukifikisha mihuri tisa, debe la kumi unasagiwa bure. Sisi wa kadi tulijiona watu wenye vyeo. Mimi niliitunza yangu ndani ya kanga, kiunoni, na lile debe la kumi kwangu ndilo lilikuwa faida yenyewe. Mengine yote yaliishia kwenye kuni na samaki.

Basi Jumamosi hiyo nikafika na muhogo wangu mkavu kichwani na mihuri yangu tisa kiunoni, moyo mweupe. Nikakuta mlangoni pameandikwa kwa chaki: kuanzia leo kila kadi ina ada ya mwezi, na debe la kumi limefutwa. Hakuna maelezo. Nikasoma mara mbili. Nikamwuliza Mzee Haruna, mihuri yangu tisa je?

"Mwakeye, binti," akanisalimu kwanza, kwa Kiha chake, maana mimi salamu nilikuwa nimeisahau. "Hiyo imeandikwa na Tajiri. Mimi nasaga tu."

Ungeniona! Nilipayuka. Nikasema tumeibiwa mchana kweupe, nikaipunga ile kadi juu, na wanawake wenzangu wa kadi wakaanza kupayuka pamoja nami. Lakini mwanangu, kumpigia kelele mtu asiyekuwepo kunachosha haraka. Hasira yangu ilikuwa inazunguka inatafuta pa kutua. Ikatua kwenye foleni.

Mbele yangu alikuwa amesimama Mrundi mmoja aitwaye Perpetua. Nilimjua kwa jina, kwa kuwa tulikuwa tunapishana pale kila wiki. Alikuwa analima vibarua kijijini Simbo na analipwa mahindi. Mashine ya kwao huko ilikuwa imekufa, kwa hiyo anatembea mpaka Gungu kusaga. Debe lile alilokuja nalo lilikuwa jasho lake la wiki nzima, na nyumbani hakuwa na kingine cha kupika. Hilo nalo nililijua. Nataka ulisikie vizuri: nililijua.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Kabla hawa hawajaja tulikuwa tunapata debe letu. Foleni wameijaza wao, dizeli wanaimaliza wao, na sasa hata zawadi yetu wameila. Wageni wakae nyuma!"

Nikaliinua debe la Perpetua kwa mikono yangu hii, nikaliweka pembeni, na langu nikalisukuma mahali pake. Ardhi ya pale ilikuwa imeinama kuelekea kwenye injini, nyeusi kwa oili chafu. Debe lake likapinduka. Mahindi yakamwagika kwenye ile oili.

"Mana yanje," alisema. Mungu wangu. Alilisema polepole tu, kisha akapiga magoti, akaanza kuokota yale ya juu ambayo hayajaloa, punje kwa punje, anayafuta kwenye kitenge chake. Wakimbizi wengine waliokuwa kwenye foleni wakabeba madebe yao wakaondoka. Hakuna aliyeinama kumsaidia. Mimi nilisaga. Nikapita karibu yake na unga wangu wa moto kichwani, na nitakuambia ukweli kwa kuwa uzee umenifutia aibu: nilijisikia nimeshinda.

Ushindi ule haukunipeleka mbali. Jumamosi iliyofuata nilikuta mashine imenyamaza, na Mzee Haruna amekaa juu ya gunia tupu. Nikamwuliza kulikoni. Dizeli hakuna, akasema. Nikauliza kwa nini Tajiri hanunui.

"Kwa hela gani?" akanitazama. "Kule kwenye mafuta hawapokei kadi yako ya kijani. Wanataka hela mkononi. Ninyi wa kadi mnalipa mwisho wa mwezi, tena wengine ukifika mwisho wa mwezi mnabadilisha njia. Hela ya mkononi ilikuwa ya kina Perpetua. Wao hawakupewa kadi. Walilipa kabla ya kusaga, na walitozwa zaidi yenu kwa kila debe. Hukuwahi kuliona hilo?"

Nililiona. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

"Sasa lile debe la kumi ulilokuwa unakula bure," akaendelea, "ulidhani ni Tajiri anakupenda? Walikuwa wanakulipia wao. Walipoanza kuhamishiwa makambini, wakabaki wachache, hela ikapungua, na debe lenu likafutwa. Juzi ukawafukuza na wale wachache. Tajiri anakaa hapa hapa mjini, Mwanga, mlango wake uko wazi, kila mtu anaujua. Mbona hukwenda kumfokea yeye?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenizaba kibao. Nikaondoka na muhogo wangu bila kusaga na bila kuaga.

Wiki ile sikutulia. Napika, chumvi naitia mara mbili. Wavuvi wakanitania kwamba nimependa. Mwisho nikawakusanya wanawake wenzangu wa kadi, tukaenda Mwanga, tukakaa barazani kwa Tajiri mpaka akatoka. Hatukutukana. Tukamwonyesha mihuri. Tukamwambia ada tutailipa akituambia ni ya nini, lakini mihuri aliyokwisha kugonga ni ahadi yake. Alinung'unika, akajikuna kidevu, akakubali: wenye mihuri tisa wasagiwe debe lao la mwisho, baada ya hapo basi. Ilituchukua asubuhi moja tu! Asubuhi moja, mwanangu, na chai ya rangi alitupa.

Mashine ilipopata mafuta sikusaga muhogo. Nilinunua debe la mahindi mazuri, nikalisaga kwa ile haki yangu ya kumi, nikakodi baiskeli, nikaenda Simbo. Nikaulizia kwa watu mpaka nikafika. Perpetua alikuwa nyuma ya kibanda, amepiga magoti mbele ya jiwe, anasaga kwa mikono. Aliponiona aliacha kusaga, ila hakusimama.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilikumwagia chakula chako na nilikusingizia. Huu ni unga."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu na kopo, akaanza kuchota unga wangu kopo kwa kopo. Ulipofika katikati ya debe akaacha.

"Yaliyomwagika yalikuwa nusu," akasema. "Nusu niliokota. Huu mwingine ni wako."

Nikamsihi auchukue wote. Akakataa, bila kununa. Nikamwambia basi angalau arudi Gungu, nitamshikia nafasi mimi mwenyewe, hakuna atakayemgusa.

"Ntaco, mama," akasema, yaani hakuna neno. "Nimekusamehe, na nitakuombea kwa Mungu. Lakini kule sirudi."

"Kama umenisamehe, kwa nini hurudi?"

Akarudisha mikono yake kwenye jiwe. Viganja vilikuwa vimechubuka. "Nikisimama pale, nitakuwa naangalia mikono ya kila mtu," akasema. Akaendelea kusaga.

Nilirudi Gungu na nusu debe la unga nyuma ya baiskeli, nalia barabarani kama mtoto. Sikumwona tena. Nilisikia baadaye kwamba naye alipelekwa kambini. Na mimi nimepata msamaha wake, naujua ni wa kweli, lakini kila nikikumbuka kwamba alisaga kwa mikono siku zake zote zilizobaki hapa, na mashine ipo, basi ndiyo unaniona hivi, sikai.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Haki yako idai. Sikuambii unyamaze, waliokuahidi kitu na kukifuta wana la kujibu. Nenda benki, uliza makato hayo ni ya nini, taka uonyeshwe palipoandikwa, na kama aliye mbele yako hana jibu, omba upelekwe kwa mwenye jibu. Lakini usiitoe hasira yako kwa uliyemkuta karibu eti kwa sababu ndiye anayefikika. Na kila unapopewa kitu bure, jiulize ni nani amekilipia. Mara nyingi ni yule yule unayemsema. Tena ujue kwamba mtu anaweza kukusamehe asubuhi hiyo hiyo unayomwomba, na bado usiweze kumrudishia alichokipoteza, kwa sababu alichopoteza ni ile raha ya kusimama katikati ya watu bila woga.

Mungu akupe riziki isiyotoka kwenye mgongo wa mtu mwingine. Akupe ulimi mzito kwa wanyonge na mwepesi mbele ya wakubwa. Na popote utakaposimama, yeyote atakayesimama karibu nawe asiwe na haja ya kuangalia mikono yako. Amina.