Kosa la Sabaki Nililomtwika Marehemu

Kosa ni langu. Naandika hivyo mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni hodari mno, na ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mjane wa hapa Malindi. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli miaka mingi, mtu mpole ajabu, hata kuku wa kwake alitafuta mtu amchinjie. Alipostaafu tukanunua biashara ya boti ya kuwatembeza wageni Mto Sabaki, wakaone viboko na ndege heroe kule mto unapoingia baharini. Mwenye biashara alikuwa anahama. Alituachia boti, maboya ya kuvaa, na nahodha wake, Mzee Katana.

Jamani, kumiliki kitu kunalevya! Wiki haikuisha, nilishaanza kutoa amri.

Mzee Katana alikuwa na utaratibu wake. Kila siku maji yakipwa aliingia mtoni kwa miguu na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akachomachoma mchanga, akapima kina, akang'oa vijiti vyenye vitambaa vyekundu na kuvichomeka pengine. Vijiti hivyo ndivyo vilivyoonyesha boti ipite wapi. Wageni wakifika kabla hajamaliza, basi wangoje.

Mimi nikaona ananichezea. "Mzee, jana si ulipima? Leo wapima nini tena?"

"Jana njia ilikuwa hapa, mama," akanijibu. "Mto umeleta mchanga mwingine. Njia ya leo siijui bado."

Nilimcheka! Nikamwambia mbele ya wageni kwamba anajitafutia kazi isiyokuwepo. Nikaita mafundi wakasimika nguzo za chuma mahali pa vijiti vile, nikazipaka rangi, nikazipiga picha na kuzituma kwa kila ninayemjua. Mzee Katana alipokataa kuzifuata, nikamwambia aende zake. Aliufuta upondo wake matope, akamuaga mume wangu kwa heshima, akaondoka.

"Mke wangu, tumrudishe," mume wangu aliniambia tukinywa chai. "Sisi mto huu hatuujui." Alinibembeleza siku nyingi, nami nikimpandishia sauti, mpaka akachoka. Akashika usukani mwenyewe.

Mvua zikanyesha bara, mto ukaja mwekundu. Asubuhi moja mume wangu alipakia mwalimu mmoja wa Gede na familia yake, akafuata nguzo zangu. Boti ikapanda fungu la mchanga lililoota katikati ya nguzo zile zile! Akavua boya apate kusukuma vizuri, akashuka. Maji yalimfika magotini. Akapiga hatua moja pembeni, hatua moja tu, pakawa na shimo, mkondo ukamchukua.

Nilikuwa ukingoni namwona. Nilimwita mpaka sauti ikakatika. Wageni waliokolewa na wavuvi, wote wazima. Yeye alipatikana kesho yake, na aliyempata ni Mzee Katana, aliyekuwa akipapasa maji kwa upondo tangu alfajiri bila ya kuitwa na mtu.

Lau kosa langu lingeishia hapo! Msibani watu waliuliza yule nahodha mzee aliondoka kwa nini. Mavyaa, yaani mamake mume wangu, akanitazama usoni. Nikasema, "Mwanao ndiye aliyemfukuza, mama. Nilimkataza, hakusikia."

Ulimi huu! Jeneza lilikuwa bado halijatoka nyumbani.

Nikakaa eda. Siku moja mavyaa akavaa buibui lake akaniaga. Bibi mzima, miguu imemvimba, akaenda hadi Sabaki kwa Mzee Katana kumwombea mwanawe radhi. Aliporudi aliketi kitandani pangu akilia kwa furaha.

"Kasamehe, mwanangu! Nimemwambia, 'Mwanangu kakukosea, kiburi cha kumiliki kitu kilimponza.' Naye kaniambia, 'Mama, sina kinyongo naye. Alikuwa mtu mwema.'"

Mzee alijua fika ni nani aliyemfukuza. Angeweza kunianika, na hakufanya hivyo. Nilijifunika shuka, mavyaa akadhani namlilia mume.

Wewe uliyenunua kazi ya watu, kaa chini ufunzwe na uliowakuta. Na ukikosea, nakusihi, sema siku hiyo hiyo kwa mdomo wako. Usimtwike asiyeweza kujibu. Mimi nimechelewa, naogopa nikisema sasa nitamuua na mama.

Eda imekwisha, boti nimeiuza. Mavyaa na mimi tunaishi nyumba moja, vyumba vimepakana. Kila baada ya swala ya alfajiri namsikia: "Ya Rabi, msamehe mwanangu kiburi chake."

Nami, huku chumbani, huitikia amina.