Albamu Isiyo na Zenon

Wivu hauna likizo. Zenon aliamka nao, akafungua nao kibanda chake cha kurusha nyimbo kwenye simu na memori kadi za watu, karibu na stendi ya Sumbawanga, na Jumapili alikwenda nao kanisani wakakaa benchi moja. Aliyemtia wivu huo wala hakuwa amemwibia mke. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka Mbeya, karani wa ofisi ya serikali, jina lake Ipyana, anayechana mistari kwa Kifipa. Kifipa, jamani! Lugha ya mama yake Zenon!

Kundi la hip hop la Wana Lyamba lilikuwa la Zenon. Aliliunda yeye na wenzake wawili, Abel na Yusto, na jina, la milima ya kwao, alilitoa yeye. Yusto akapata wito, akaenda seminari. Wakabaki wawili. Siku ya kurekodi wimbo uitwao “Nyumbani Juu”, Abel alimwambia ubeti wake wa Kifipa ni mrefu mno, watu watachoka, aupunguze. Zenon akavaa koti lake, akaondoka. Alisusa, akingoja kubembelezwa. Akangoja wiki, akangoja mpaka ulezi ukavunwa. Lakini ukisusa, wenzio wala. Abel alikwenda kumchukua Ipyana.

Sasa albamu ilikuwa imetoka, na Abel mwenyewe ndiye aliyeileta kibandani kwenye flashi.

“Kaka, turushie,” alisema. “Wewe ndiye mwenye wateja wa vijijini. Kate, Chala, Mwimbi, kote huko bila wewe hatufiki.”

“Poa. Iache hapo.”

“Na moyoni uko poa?”

“Niko poa, mshikaji. Kwani nina nini?”

Alikuwa na mengi. Abel alipotoka tu, Zenon aliufungua “Nyumbani Juu”. Mdundo ulikuwa ule ule, hawakuubadili hata kidogo. Ipyana akaingia, na Zenon akamsikiliza amekunja uso, akitafuta kosa. Alilipata moja, la matamshi, akafurahi kama mtu aliyeokota mbuzi. Akarudia kusikiliza. Kosa lilikuwa dogo, na mengine yote yalikuwa mazuri. Hapo ndipo roho ilipomuuma kweli kweli.

Kwenye kompyuta yake alikuwa bado na rekodi ya majaribio ya ubeti wake ule uliokataliwa. Akaukata ubeti wa Ipyana, akaubandika wa kwake, wote, mrefu vile vile. Jina la wimbo hakuligusa, maana mjanja hajionyeshi: “Nyumbani Juu – Abel na Ipyana”. Kisha akaanza kurusha. Wakulima walioleta mahindi mjini wakaondoka nao kwenye memori kadi za redio zao, na madereva wa bodaboda wakaondoka nao kwenye simu. Mkewe, Rozina, alimkuta akipiga mluzi.

“Leo umekula nini?” akamuuliza.

“Haki yangu,” akasema Zenon.

Siku ya gulio la Chala, Wana Lyamba walikwenda kuizindua albamu. Zenon naye akapanda gari kwenda huko. Alijiambia anakwenda kununua maharage, lakini mfuko wa kuyatilia hakuubeba. Alitaka kuona mtu akiaibika, basi.

Ipyana alianza ubeti wake. Watu hawakumfuata. Walikuwa na ubeti mwingine, na waliuimba wote, wanawake wenye watoto mgongoni, wauza viatu, wazee, mstari kwa mstari, bila kuchoka hata kidogo. Zenon alisimama katikati yao machozi yakimlenga. Mrefu mno, eti! Wasikie sasa!

Ipyana alinyamaza, akamtazama Abel. Halafu akacheka, akainua kipaza sauti, akauimba ubeti ule pamoja nao. Aliujua wote. Aliuchana vizuri kuliko Zenon alivyowahi kuuchana, na gulio zima likalipuka.

“Yesu na Maria! Kijana huyu!” mama mmoja muuza nyanya alimwambia Zenon, akimpiga bega. “Nimesikia si wa kwetu, lakini Kifipa amekimeza! Maneno yake nyumbani kwangu tunayaimba mpaka jikoni.”

“Si yake, mama,” Zenon akasema. “Hayo si maneno yake.”

“Si jina lake lililoandikwa kwenye simu? Mwanangu amenisomea.”

Jukwaani Abel alikuwa amechukua kipaza sauti, macho yake yakipita juu ya vichwa, yakitafuta mtu. “Jamani, huo ubeti ni wa Zenon!” alisema. “Ipyana alijifunzia Kifipa humo, kwenye rekodi ya majaribio. Kwenye albamu hatukuuweka, sijui mmeupata wapi. Ila Zenon kama upo hapa, panda juu, kaka. Ni wako.”

Watu wakaanza kugeuka geuka. Ngazi za jukwaa zilikuwa hatua ishirini tu kutoka aliposimama. Lakini akipanda, Abel ataukumbuka mkono uliopewa ile flashi, na Ipyana atakuwa pale juu akimpa mkono wake, akicheka, mwema, mwenye kipaji. Huo wema ndio Zenon asingeweza kuumeza.

“Zenon ndiye nani?” mama yule akamuuliza.

“Simfahamu, mama,” akasema, akapiga makofi pamoja na wengine.