Gauni Moja kwa Picha Zote

Jana nilifungua sanduku la nguo, peke yangu, na harufu ya naftalini ikanirudisha kwenye uwanja wa kijiji kipya karibu na Kilosa. Mimi na mama tulihamishiwa huko na serikali baada ya baba kufariki, bila kumjua mtu. Watu walitujibu salamu, wakaendelea na shughuli zao.

Siku moja mpigapicha alikuja pale uwanjani kutoka mjini. Gauni zuri lilikuwa moja tu, la jirani yetu, likinukia naftalini ya sandukuni, na wanawake walilivaa kwa zamu nyuma ya nyumba, huku wenzao wakiwaelekeza namna ya kukaa. Mama alitazama tu kutoka mlangoni kwetu.

“Dada, njoo, zamu yako,” jirani aliita.

“Nitampelekea nani hiyo picha? Sina mtu.”

“Basi tutakaa nayo sisi.”

Mama akalivaa, likiwa bado na joto la wenzake. Wakamrekebishia kola, wakamwambia ainue uso.

Picha ilipokuja, jirani aliitundika ukutani kwake, katikati ya ndugu zake. Jioni mama akawa anakwenda kuitazama, na jirani akawa anambakizia chai.