Betri ya Nyumba ya Mzee Mwinshehe

Mzee Mwinshehe, jirani yangu hapa Yombo, ameendesha malori ya Tunduma mpaka mvi zikamjaa, na kila aliporudi alimsimulia mkewe, Bi Raudha, habari za barabara: kona za Kitonga, baridi ya Makambako, nyani wa Mikumi. Mkewe mwenyewe hajawahi kuvuka Chalinze. Mzee alipoacha kazi akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na mapazia, akamwambia sasa twende ukaone mwenyewe.

Hapo ndipo betri ilipoanza kufa. Kila asubuhi ukizungusha ufunguo, kimya. Bi Raudha akatamka mbele yetu kwamba hapandi gari la kumlaza porini, na likigoma tena Jumamosi, siku ya safari, anarudisha nguo zake kabatini. Mzee alicheka, lakini mimi nilimwangalia usoni. Aliogopa.

Audax, fundi umeme wa magari kutoka Buguruni, akaja na mita yake. Betri nzima, chaji inaingia vizuri, waya hazina kosa. Akaazimisha betri yake mwenyewe, nayo asubuhi ikaamka imekufa. Mtaa ukapata la kusema. Mimi nilisema wazi kuwa gari lile lina mkono wa mtu, wala sikuwa peke yangu.

Mzee hakutusikiliza. Kilichomsumbua ni kwamba mchana mita ilionyesha hakuna kinachokula umeme.

"Huyu mwizi anakuja jua likizama," aliniambia. "Na mie jua likizama niko wapi? Msikitini. Alfajiri? Msikitini. Ananijua."

Ijumaa aliswali Magharibi, ila badala ya kubaki na wenzake kungoja Isha, akarudi moja kwa moja. Akaunganisha mita ya kuazima. Namba zikapanda. Nikamshikia tochi, akawa anachomoa fyuzi mojamoja na kuzirudisha, mpaka alipofika kwenye fyuzi ya upande wa kitanda, namba zikashuka hadi sifuri. Akaingia ndani, akavuta pazia. Kwenye rafu, inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ilikuwa inawaka, na spika ndogo imechomekwa humo, inasoma Yasini kwa sauti ya chini mno, mpaka utege sikio.

Bi Raudha alikuwa kasimama mlangoni.

"Mama Twaha, hii yako?"

"Yangu. Nawasha ukienda kuswali, alfajiri nazima vyote. Nilivyoona gari linazidi kuumwa, nikawa nawasha tokea Magharibi badala ya Isha."

Mimi nilibanwa na kicheko. Mzee hakucheka.

"Umeanza lini?"

"Safari yako ya kwanza ya Tunduma. Enzi zile ilikuwa kaseti, pale chumbani. Ukitoka tu nawasha, nikisikia honi yako nazima. Ndiyo maana we ulikuwa unakuta kimya."

Mzee akakaa kitandani. Alijua kila kona ya njia ile, na hili hakulijua.

"Basi kesho spika yako tutaiwasha injini ikiwa inanguruma, haitaiua betri. Isome njia nzima."

"Ya nini, Baba Twaha? Kesho si nitakuwepo mwenyewe."

Bi Raudha akaichomoa spika, akaipeleka nyumbani. Aliporudi alikuja na sanduku lake la nguo.